Tulipomsubiri Rambo Mwisho wa Reli

Mazungumzo mbele ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu, Kigoma mjini

Shikamooni wazee wangu. Ndugu mwenyekiti, mgeni rasmi, walimu, na ninyi wadogo zangu mliokuja kutoka Mwanga, Gungu, Bangwe, Kibirizi na Ujiji, habari za jioni.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie historia ya sinema. Historia hiyo ni ndefu, projekta naiona pale inasubiri kazi zenu, nami sipendi kuwa yule mzee anayeng'ang'ania maikrofoni mpaka chakula kinapoa. Kwa hiyo nitazungumzia picha moja tu. Ni picha ambayo watoto wa rika langu tuliisubiri tangu tukivaa kaptura za shule mpaka tukaoa, na ilipofika haikuwa ile tuliyokuwa tukiisubiri. Nataka niwaeleze tulikuwa tunafanya nini muda wote ule wa kungoja, kwa sababu kazi mnayojifunza hapa, ya kutunga na kusimulia, sisi tuliifanya wakati huo bila kujua kwamba ni kazi.

Nazungumzia Rambo.

Nasikia vicheko. Chekeni tu, mna haki. Najua wengi wenu Rambo mlimjua kwanza kama mfuko. Nchi hii ilifika mahali mfuko wa plastiki ukaitwa rambo, muuza nyanya anakuuliza "nikutilie kwenye rambo?", mpaka Serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019. Mtu hafikii kuwa mfuko hivi hivi. Lazima kwanza awe ameingia kwenye vichwa vya watu wote, wakubwa kwa wadogo.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja hadi mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na chao tangu miaka ya 1970, tena cha rangi. Sisi tulikuwa na redio. Mtoto wa Kigoma aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuiona picha ya kutembea sebuleni kwao, aliiona kwenye banda la video. Mabati, mabenchi, gunia limening'inizwa mlangoni kuzuia mwanga, televisheni moja juu ya meza iliyoinuliwa kwa matofali, deki chini yake, na nje jenereta linanguruma kuzishinda bunduki za ndani. Mji wenyewe uliwashwa kwa majenereta ya dizeli. Gridi ya Taifa imetufikia juzi juzi tu. Dizeli ikikwama njiani, mji wote ulilala giza, na mwenye banda akiwa na jenereta lake dogo siku hiyo alikuwa mfalme.

Halafu kuna jambo la reli. Reli ilifika hapa mwaka 1914, kilometa zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kila kilichopanda treni kule kilishuka hapa kimechoka. Mkanda wa video nao vivyo hivyo. Ulikuwa umenakiliwa kutoka mkanda mwingine, na huo kutoka mwingine, na kila nakala rangi inapungua na chenga zinaongezeka. Kabla ya kutufikia ulipita Tabora, pale ambapo mabehewa ya Mwanza yanaachana na ya Kigoma. Mikanda mingine iliteremka pale ikakaa wiki kadhaa ikitazamwa na watoto wa Tabora, sisi huku tunahesabu treni. Mpaka leo nikikutana na mtu wa Tabora wa umri wangu namwonea kijicho kidogo. Watoto wa wafanyakazi wa reli ndio waliotuletea habari: "Tabora wameshaiona." Neno hilo lilikuwa linauma kuliko fimbo.

Sisi tulianza na Rambo ya pili. Hiyo ilitoka Marekani mwaka 1985. Anarudi Vietnam kutafuta wafungwa wa vita, kitambaa kimefungwa kichwani, upinde mkononi, mishale inalipuka. Ikafuata ya tatu, ya mwaka 1988, Afghanistan: anacheza mchezo wa farasi na wenyeji, anajaza baruti kwenye jeraha lake mwenyewe na kuiwasha, mwishoni anaendesha kifaru kinagongana uso kwa uso na helikopta. Mtaani kwetu kulikuwa na mtoto aliyejaribu ile ya baruti kwa vichwa vya kiberiti. Yupo hai, ni fundi seremala mzuri, na alama bado anayo.

Ya kwanza, ya mwaka 1982, tuliiona mwisho kabisa, na ilituvuruga. Mji mdogo wa baridi, mvua, msitu. Ilipigwa Hope, kule British Columbia, Kanada. Askari aliyerudi kutoka Vietnam anapita njia, polisi wanamsumbua kwa sababu ya mwonekano wake na kwa sababu hana pa kwenda. Katika picha nzima anakufa mtu mmoja tu, tena kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta. Na mwishoni Rambo analia. Analia kweli kweli, kamasi na machozi, mikononi mwa Kanali Trautman, mkuu wake wa zamani jeshini. Banda zima liliguna. Mtu mmoja kule nyuma akasimama akadai arudishiwe kiingilio chake, stering gani analia?

Leo mkiniuliza, hiyo ndiyo bora kuliko zote, na sioni ya pili yake ilipo. Lakini wakati ule tulihisi tumeibiwa.

Kulikuwa pia na Rambo wa ng'ambo. Mikanda mingine ilivuka ziwa kutoka Bujumbura na Kalemie. Wenzetu wale walikuwa wanatumia mfumo wa Kifaransa wa televisheni, SECAM, na deki zetu huku zilikuwa za PAL. Ukiweka mkanda wa SECAM kwenye deki ya PAL picha inatoka vizuri tu, ila haina rangi. Sasa mfikirieni Rambo yule yule mnayemjua, mweusi na mweupe, na anazungumza Kifaransa. Nani kati yetu alijua mambo ya mifumo? Tukakata shauri kwamba hii ni picha tofauti, ya zamani zaidi, Rambo akiwa kijana anasoma Ubelgiji. Kuna siku pale karibu na soko la Mwanga watu wazima walishikana mashati wakibishana kama kitambaa chake ni chekundu au cheusi. Wote wawili walikuwa wamekiona kwa macho yao.

Tuje kwenye kuhadithia, maana hapo ndipo nataka kukaa.

Kiingilio kilikuwa shilingi 20, na shilingi 20 haikuokotwa njiani. Tulikwenda Kibirizi alfajiri boti za dagaa zikirudi, tukabeba ndoo, tukaokota chikichi, tukatumwa na kila aliyetaka kututuma. Katika kundi la watoto wa mtaa, waliofanikiwa kuingia ni wawili au watatu. Waliobaki walichungulia kwenye matundu ya mabati mpaka wamwagiwe maji. Kwa hiyo walioingia walitoka na deni. Kesho yake, chini ya mwembe, lazima walilipe.

Kuhadithia picha kulikuwa na adabu yake. Hukusema "akapiga risasi". Ulizipiga mwenyewe kwa mdomo, na kila bunduki ilikuwa na mlio wake. Ukiipa bastola mlio wa bunduki kubwa ulizomewa. Muziki nao uliuweka, hasa ule wa kutisha kabla adui hajatokea. Kuruka hakukuruhusiwa. Mtoto aliyesema "wakapigana wee, stering akashinda" alinyang'anywa zamu hapo hapo. Na aliyedakia "mbona mimi niliiona haikuwa hivyo?" aliambiwa anyamaze, kwa sababu hatukuwa mahakamani, tulitaka picha. Kanuni kubwa kupita zote mnaijua: stering hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuzamishwa matopeni, lakini hafi.

Kanuni hii msiidharau, maana hata Marekani ilibidi waitii. Rambo alitoka kwenye riwaya ya David Morrell ya mwaka 1972, na kwenye riwaya anakufa. Kirk Douglas, mwigizaji mkubwa, alikuwa achukue nafasi ya Kanali Trautman, akajitoa kwa sababu alitaka mwisho wa riwaya ubaki. Nafasi akaichukua Richard Crenna. Mwisho wa kifo ulipigwa kweli, wakawaonyesha watazamaji wa majaribio, watazamaji wakauchukia, wakaweka mwisho mwingine. Yaani watu wale, kwenye viti vyao vya sponji, walisema kile kile walichokuwa wakisema watoto wa Mwanga kwenye mabenchi. Mtu mmoja akikwambia kwamba mtazamaji hana sehemu katika kutunga, mpe habari hiyo.

Sasa, mhadithiaji bora niliyepata kumsikia maishani hakuwahi kukanyaga banda la video. Ni dada yangu. Wasichana hawakuwa wakienda kule, mama angemvunja miguu. Yeye alinisikiliza mimi nikihadithia uani jioni, nikirukaruka, nikisahau majina. Kesho yake nimetumwa maji, nafika bombani namkuta kwenye foleni ya ndoo anaihadithia picha ile ile kwa wanawake watu wazima, nao wamesahau ndoo zinamwagika. Yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nitasema zaidi: ilikuwa nzuri kuliko ya Sylvester Stallone, Rambo mwenyewe. Alikuwa amempa Rambo mama. Kila usiku, mapigano yakiisha, Rambo anakaa chini ya mti anaandika barua kwa mama yake, na mama hajui kusoma, anasomewa na jirani, na jirani huyo kila akifika penye habari za damu anaziruka, anasoma "mama, ninakula vizuri".

Picha haina barua. Haina mama wala jirani. Nilifungua mdomo nimsahihishe, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanitazama, nikaufunga.

Baadaye mikanda iliyotafsiriwa ikaanza kuingia, Lufufu wa Dar es Salaam akiwa ndiye jina kubwa, anazungumza Kiswahili juu ya picha nzima, anaeleza, anatania, anawasema wahusika. Watu wa mijini waliona ni jambo jipya. Mimi niliposikia mara ya kwanza nilijiuliza tu kwa nini dada yangu hakupewa maikrofoni mapema.

Ya tatu ilipokwisha tukaanza kungoja ya nne. Hakuna aliyetuambia kuna ya nne. Tulijua tu, kwa sababu iliyokuwa na moja, mbili na tatu itakosaje nne? Na kila baada ya muda ubao wa banda uliandikwa kwa chaki kubwa: LEO RAMBO 4. Mapigo ya moyo siku hiyo sijui niyaeleze vipi. Darasani hatukusikia mwalimu anafundisha nini. Saa za jioni hazifiki. Tunaingia, tunabanana, deki inameza mkanda, kimya. Kumbe ni Stallone kweli lakini yuko kwenye milima ya theluji na kamba. Siku nyingine ni mzungu tusiyemjua amejifunga kitambaa kichwani, msituni, na maadui wote ni Wafilipino. Zilitengenezwa picha za namna hiyo nyingi sana kule Ufilipino miaka ile, msitu ukifanana na msitu. Kufikia darasa la saba tulikuwa tumeshaiona Rambo ya nne, ya tano, ya sita na ya nane. Ya saba sijui ilipotelea wapi.

Mnadhani tulikasirika? Kidogo, mpaka kufika mlangoni. Tukishatoka tulihadithia ile ambayo ingepaswa kuwa. Na hiyo Rambo ya nne ya watoto wa Kigoma ningependa mmoja wenu aitengeneze siku moja. Rambo anakuja kwa treni, daraja la tatu, amekaa juu ya gunia la mtu. Anajificha Gombe, sokwe wanamletea habari za adui. Anakula ugali wa muhogo na migebuka, na hapo kila mhadithiaji alisimama kwanza kueleza jinsi alivyokula, kwa sababu wasikilizaji walikuwa na njaa. Nyambizi ya adui imejificha ziwani, na ziwa lina kina cha karibu meta 1,470, nani ataiona? Mwishoni anaikamata akiwa juu ya Liemba. Liemba ilikuwa lazima iwemo. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na tulipokuwa watoto bado ilikuwa inakwenda Mpulungu na kurudi. Meli iliyozama ikafufuka ilistahili kubeba stering.

Tulidhani ya kweli inachelewa kwa ajili ya treni. Nilipokua ndipo nikaelewa mambo yalivyokuwa huko. Kampuni ya Carolco iliyotengeneza zote tatu, ya Mario Kassar na Andrew Vajna, ilifilisika mwaka 1995, na haki za Rambo zikawa zinahama mikono. Lakini nadhani tatizo lilianza kabla ya hapo. Rambo ya tatu ilitoka Marekani tarehe 25 Mei 1988. Siku kumi nyuma yake, tarehe 15 Mei, majeshi ya Kisovieti yalikuwa yameanza kuondoka Afghanistan. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti wenyewe ukavunjika. Stering akabaki hana adui. Sisi huku tunaomba treni iwahi, kumbe kule hawajui wamgombanishe na nani.

Hapa niseme jambo moja ambalo halina kicheko.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Burundi, na watu wakaanza kuingia mkoani kwetu kwa maelfu. Mwaka 1996 vita ikaanza Zaire, na boti zikawa zinafika Kibirizi zimejaa mpaka kingo. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa mwaka huo. Wazee waliopo hapa wanakumbuka kuliko mimi. Si wote waliokwenda kambini. Wengine walikuwa na ndugu mjini, maana ziwa halijawahi kutenganisha ukoo, na watoto wao wakakaa nasi.

Mmoja tulimpenda. Tukachanga hela tukamwingiza banda la video, heshima kubwa ya kumfanyia mgeni. Siku hiyo ilikuwa Rambo ya tatu. Kuna mahali helikopta zinakishambulia kijiji, watu wanakimbia na watoto. Akainuka, akasema anakwenda kujisaidia, hakurudi. Kesho yake chini ya mwembe, kwa kuwa alikuwa ameingia, tukamwambia ana deni, ahadithie. Akahadithia bila mlio hata mmoja. Akasema watu walikimbia usiku, wakafika majini, mtumbwi ulikuwa mdogo, wengine wakaambiwa wasubiri. Tukamwambia hiyo sehemu mbona haimo. Akasema anajua.

Tukampa zamu mtoto mwingine.

Picha ya nne, ya kweli, ilitoka Marekani tarehe 25 Januari 2008. Miaka 20 baada ya ya tatu. Stallone alikuwa na miaka 61 na ndiye aliyeiongoza mwenyewe. Kigoma iliingia kwenye zile DVD za Kichina, picha nane kwenye sahani moja, na jalada limeandikwa Kiingereza cha kubahatisha. Mimi nilikuwa nimeshaoa na mtoto wangu anatambaa. Tukakusanyana nyumbani kwa mwenzetu Katubuka, wanaume wazima: mwalimu, fundi wa boti, karani wa bandari bado na sare yake. Jina lilipotokea kwenye kioo tulipiga kelele mpaka mtoto wa mwenye nyumba akaamka akalia. Mtu akasema kwa sauti ya mwenye banda, "Picha linaanza!" Miaka yote ile ilifutika, tukawa tena watoto wa kaptura.

Ilidumu dakika chache tu.

Picha inaanza na habari za kweli za televisheni kutoka Burma, ndiyo Myanmar, watu waliouawa, watawa mitaani. Kisha tunamkuta yeye Thailand, anakamata nyoka, ana boti yake. Wamisionari wanamwomba awapandishe mto Salween wakapeleke dawa kwa watu wa kabila la Karen. Stallone alieleza kwamba alitafuta vita ambayo dunia haiizungumzii, akaipata hiyo, na watawala wa kijeshi wa Myanmar hawakuiruhusu picha ionyeshwe kwao. Wanajeshi wanatupa mabomu ya ardhini kwenye mashamba ya mpunga na kuwalazimisha wafungwa kukimbia juu yake. Kijiji kinachomwa. Watu wanakimbilia majini.

Kwenye mikanda yetu ya zamani mtu akipigwa risasi alianguka tu, na chenga zilifunika kilichobaki. Hapa hapakuwa na chenga. Unaona risasi inaufanya nini mwili. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na maiti mmoja, hii ina zaidi ya 200, na karibu nusu yao si maadui. Sebule ilinyamaza. Karani wa bandari akasema, "Hapa wamezidisha," akatoka nje kuvuta sigara. Mimi nilikuwa namfikiria yule mwenzetu. Ile sehemu tuliyomwambia haimo, sasa ilikuwamo, mto, boti na kila kitu, na sikuwa najua yeye yuko wapi nimwambie.

Kwa hiyo mkiniuliza kama niliipenda, sitawajibu ndiyo wala hapana. Kama picha ina mapengo. Kanali Trautman hayumo, Richard Crenna alifariki mwaka 2003, wamemtia kwa kupita kwenye jinamizi la Rambo wakitumia vipande vya ule mwisho wa zamani uliokataliwa. Wamisionari wamechorwa kwa haraka. Wanajeshi wa Burma hawana hata mmoja mwenye sura ya mtu. Lakini haidanganyi kwamba vita ni mchezo wa chini ya mwembe, na ya pili na ya tatu zilitudanganya hivyo, nasi tukafurahi kudanganywa.

Mwisho wake ndio ulioniangusha kiti. Rambo anaonekana akitembea kwenye barabara ya vumbi kule Arizona, begi begani, anafika penye sanduku la barua lililoandikwa jina la ukoo wao. Anakwenda nyumbani kwa baba yake. Sanduku la barua, jamani! Usiku ule ule nikampigia simu dada yangu, yeye ameolewa Tabora (ndiyo, Tabora), nikamweleza yote. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akaniuliza, "Baba tena? Baba katokea wapi? Na mama yake je?"

Nikamwambia mama hayumo.

"Basi hawakuimaliza," akasema, akaanza kunieleza mama alikuwa wapi. Salio langu likaisha, akanipigia yeye, lake nalo likaisha.

Kuna ya tano, ya mwaka 2019. Morrell mwenyewe, mwenye riwaya, alijitokeza hadharani akasema hakuipenda. Mimi nakubaliana naye na sina la kuongeza.

Ndugu mwenyekiti, naona unatazama saa. Kwenye ratiba kazi ya kwanza ya vijana imepigwa Kibirizi, dakika kumi na mbili, na aliyeiandika ni binti, yule pale aliyejificha nyuma ya nguzo. Njoo ukae mbele, mwanangu. Nami nipisheni kwenye kiti cha karibu na spika, masikio haya yaliharibiwa na jenereta.